Viraka Vyetu: Historia ya Kitambaa Kando ya Ziwa



Kamati ya maandalizi iliponipa kurasa za historia, wengi walitegemea nitaeleza nani alikuwa mwenyekiti wa kwanza, hisa ya kwanza ilikuwa kiasi gani, na tulikutania wapi kabla hatujapata chumba. Hayo Katibu ameyaeleza vizuri katika taarifa yake. Mimi nimeombwa niandike juu ya kitu ambacho kila mgeni akiingia chumbani kwetu hukishika kwanza, yaani mashuka yetu ya viraka vya batiki, vitenge na khanga. Akishashika huuliza, "Haya mmejifunzia wapi? Si kazi ya Wazungu hii?" Na wapo hata waume zetu, Mungu awaweke, wanaouliza kama siku hizi vitambaa vizima vimekwisha madukani.

Swali hilo lina jibu, na jibu lenyewe ni refu kidogo. Tena limekuja wakati wake, maana katika mkutano mkuu wa mwaka huu tuna jambo la kuamua. Baadhi yetu tunataka akiba yote ya miaka kumi igawanywe, kila mtu achukue chake. Wengine tunataka sehemu yake ibaki kuwa mfuko wa kununulia vitambaa kwa pamoja. Kila mwanachama ana haki ya kusema lake. Ila naomba, kabla hatujanyoosha mikono, tusome kwanza habari za waliotutangulia, kwa sababu wengi wao walifika hapa hapa tulipofika sisi.

NENO LENYEWE

Kiraka, kwa Kiswahili cha kila siku, kinanuka umaskini. Ni kile kipande kinachoshonewa gotini mwa suruali ya mtoto wa shule ili mwaka uishe. Hata kwenye siasa, mtu akisema katiba imewekwa viraka, anamaanisha kazi haikufanywa sawasawa.

Lakini Kiswahili hicho hicho kina neno la heshima, mfarishi. Ni tandiko la kitanda lenye tabaka mbili, limetiwa pamba katikati na kushonwa ili pamba isikimbie. Sisi hapa Mwanza joto tunalijua, kwa hiyo mengi ya mashuka yetu hayana pamba ndani. Yana uso wa viraka juu na bitana chini, basi. Yale mazito tunashona kwa oda za watu wa sehemu za baridi. Mfarishi wa viraka haukuzaliwa kwa sababu nguo imechanika. Mshonaji anakata kipande kizima kwa makusudi, anachagua rangi ya kukaa jirani nacho, na anajua kabla ya kuanza kitu kitakachotokea mwisho.

KABLA YA GORA

Magharibi mwa ziwa letu, kuanzia Bukoba hadi Buganda, watu walivaa nguo ya gome la mti. Waganda huuita mti huo mutuba. Gome lilibanduliwa, likalainishwa kwa maji ya moto au mvuke, kisha likapigwa kwa nyundo za mbao zenye mistari mpaka likapanuka na kuwa laini kama nguo. Likitokea tundu halikutupwa. Fundi alikata kipande cha gome hilo hilo akakishonea kwa ustadi, na vipande kadhaa viliungwa ili kupata nguo pana. Kazi hiyo ilikuwa ya wanaume. Mwaka 2005 UNESCO ilitangaza utengenezaji wa nguo za gome wa Uganda kuwa miongoni mwa urithi wa binadamu. Kwa hiyo anayesema kuunga vipande ni jambo la kigeni kando ya ziwa hili, mwambieni aanzie hapo.

Kusini mwetu, Unyamwezi, walikuwapo wafumaji waliofuma nguo kwa pamba iliyolimwa huko huko. Burton, Mwingereza aliyefika Tabora mwaka 1857, aliandika habari zao. Mwenzake Speke ndiye aliyefika hapa kwetu Mwanza mwezi Agosti 1858, akalipa ziwa jina la malkia wake kana kwamba lilikuwa halina jina.

Wasafiri hao walitembea na marobota ya nguo, kwa sababu nguo ndiyo ilikuwa fedha ya njiani. Walilipa wapagazi kwa nguo, wakalipa hongo kwa watemi kwa nguo, wakanunua chakula kwa nguo. Nguo kubwa zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kaniki, ya rangi ya nili, kutoka India. Ya pili ni merikani, kitambaa kizito cha pamba kisichopaushwa, kilicholetwa na meli za mji wa Salem kutoka viwanda vya Massachusetts, Marekani. Nchi hiyo na Sayyid Said wa Unguja walitia saini mkataba wa biashara mwaka 1833. Hadi leo wapo wanaoita kitambaa cheupe cha pamba "amerikani" bila kujua kwa nini.

Nguo hizo za kigeni zilipozidi kuingia, wafumaji wa bara wakaanza kupungua. Na pamba iliyolisha viwanda vya Massachusetts ililimwa na kuchumwa na watumwa weusi katika majimbo ya kusini ya Marekani. Tuwakumbuke watu hao, maana tutarudi kwao mbele.

AKINA MAMA WA LESO

Sasa nataka kuwaeleza habari ambayo kila mwanamke anayefunga khanga kiunoni angepaswa kuijua.

Mwishoni mwa karne ya 19 maduka ya pwani yaliuza vitambaa vya mkono vya rangi, vinavyoitwa leso, neno tulilopokea kutoka kwa Wareno. Vitambaa hivyo vilikuja vimechapwa mfululizo kwenye gora, na muuzaji alikata kimoja kimoja. Inasimuliwa pwani nzima, Unguja na Mombasa, kwamba akina mama wa mjini walipiga hesabu yao. Wakamwambia mwenye duka asikate. Walichukua vipande sita vilivyoshikana, wakavigawa vitatu vitatu, kisha wakashona safu mbili hizo ubavu kwa ubavu. Wakapata vazi moja pana lenye miraba sita, la kujifunga na kujitanda. Likapendeza kuliko kitu chochote kilichokuwa dukani, na jina la leso likabaki kuwa jina la vazi.

Hebu tafakari hapo, mwenzangu. Khanga, vazi tunaloliona la asili kabisa, mwanzo wake ni viraka vilivyoungwa kwa sindano ya mwanamke.

Wenye maduka nao hawakulala. Walipoona akina mama wanahangaika kushona, wakaagiza ng'ambo nguo ya mtindo ule ule ichapwe kipande kimoja. Nyingine zilikuwa na madoadoa kama ya ndege kanga, ndipo likaja jina hilo. Mjini Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana kwa jina la Abdulla, alianza biashara yake mwaka 1887, na khanga zenye alama ya "Mali ya Abdulla" zikawa maarufu Afrika Mashariki yote. Baadaye yakaongezwa maneno, kwanza kwa herufi za Kiarabu, halafu kwa herufi hizi tunazotumia sasa.

Simlaumu mfanyabiashara, kwani biashara ndivyo ilivyo. Lakini tuangalie mambo yalivyokwenda. Wazo lilikuwa la akina mama, na jicho la kuchagua rangi lilikuwa lao. Walichokosa ni mtaji wa kuagiza gora mia moja kwa mpigo. Faida ikaenda kwa mwenye uwezo wa kuagiza, na waliobuni wakabaki wanunuzi, doti kwa doti, mpaka leo.

PAMBA YETU, KITAMBAA CHA WENGINE

Turudi nyumbani. Wajerumani walipotawala walitaka pamba. Kule kusini, kulazimishwa kulima pamba kulikuwa moja ya sababu za Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Huku Usukumani zao hilo lilishika mizizi zaidi wakati wa Waingereza. Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, na kituo cha utafiti cha Ukiriguru kilianzishwa miaka ya 1930. Zile mbegu zinazoitwa UK na namba yake, hiyo UK ni Ukiriguru, wala si Uingereza kama wengine wanavyodhani.

Mkulima alilima, mke na watoto wakachuma, wakatenga safi na chafu, wakabeba hadi kwa mnunuzi. Mizani ilikuwa ya mnunuzi, na jicho la kuisoma lilikuwa lake pia. Malalamiko ya kupunjwa yalipozidi, wakulima wakaungana. Kiongozi wao aliyejulikana zaidi alikuwa Paul Bomani, na mwaka 1955 vyama vyao vikaunda Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria. Shirikisho halikuishia kusimamia mizani. Lilinunua pamba lenyewe na likamiliki vinu vya kuchambulia, likawa moja ya vyama vikubwa vya ushirika vya Waafrika katika bara hili. Bomani akawa Waziri wa Fedha wa nchi mwaka 1962.

Kisha kikaja kiwanda. Mwatex ilifunguliwa hapa Mwanza mwishoni mwa miaka ya 1960, miaka ile ile ya Urafiki ya Dar es Salaam. Baadaye Musoma nayo ikapata kiwanda chake, Mutex. Kwa mara ya kwanza pamba ya Usukumani ilifumwa, ikachapwa na kuuzwa Usukumani. Wenye umri wanakumbuka fahari ya kuvaa kitenge ambacho jirani yako alikuwa zamu usiku kukitengeneza.

Mambo yakabadilika. Mwaka 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, na kazi ya kununua mazao ikahamia kwa mamlaka na mashirika ya umma. Sheria ya mwaka 1982 iliruhusu ushirika urudi, lakini nguvu za zamani hazikurudi kwa kutiwa saini. Katikati hapo kulikuwa na Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, halafu uhaba wa fedha za kigeni. Viwanda vikakosa vipuri, rangi na umeme wa uhakika. Miaka ya mwanzo ya 1980 kupata doti ya khanga ilikuwa kwa foleni au kwa kujuana. Kuanzia mwaka 1984 biashara ya bidhaa za nje ilipolegezwa, mitumba ikamiminika, na kiwanda kilichokuwa kinasuasua kikakuta hakina mteja. Miaka ya 1990 mashine za Mwatex zikanyamaza, na baadaye kiwanda kikabinafsishwa.

Hadi hivi leo zaidi ya asilimia 90 ya pamba ya Tanzania hutoka kanda yetu hii ya ziwa na majirani zake, Simiyu na Shinyanga wakiwa mbele. Sehemu kubwa huuzwa nje ikiwa pamba nyuzi, haijafumwa. Kilo 3 za pamba mbegu hutoa kama kilo 1 ya pamba nyuzi, inafungwa robota, inaondoka. Halafu robota jingine linakuja, la mitumba, linafunguliwa pale Mlango Mmoja asubuhi na akina mama wanaligombea. Robota linatoka, robota linaingia, na tofauti ya bei ya marobota hayo mawili ndiyo jasho letu. Kwenye samaki ni vivyo hivyo. Minofu ya sangara huenda Ulaya, na mapanki tukayakaanga sisi.

Lakini mji huu unajua pia kuyageuza mabaki. Makoroboi penyewe pamepata jina kwa mafundi waliotengeneza koroboi kwa makopo yaliyotupwa, na watu wakawasha taa nyumba nzima. Viraka vyetu vinatoka katika ukoo huo.

BATIKI ILIVYOTUFIKIA

Neno batiki ni la Java, huko Indonesia. Wenyeji wa kule huchora kwa nta ya moto juu ya kitambaa, hukichovya katika rangi, na pale penye nta rangi haishiki. Mwaka 2009 UNESCO iliiweka batiki ya Indonesia katika orodha ya urithi wa binadamu. Karne ya 19 Waholanzi walijaribu kuiga kwa mashine ili wawauzie Wajava wenyewe. Wajava hawakuvutiwa sana, nguo hizo zikapata soko kubwa Afrika Magharibi, na vitenge tunavyovijua ni vya ukoo huo. Kwa hiyo usione kitenge na batiki vinakaa vizuri pamoja kwenye shuka, ni ndugu.

Hapa nchini batiki ilienea kupitia vikundi vya akina mama, shule na mafunzo ya ufundi. Shirika la SIDO, lililoundwa mwaka 1973 kuhudumia viwanda vidogo, limekuwa moja ya waliofundisha. Sababu ya kuenea kwake ni rahisi kuielewa. Batiki haihitaji kiwanda. Inataka kitambaa cheupe cha pamba, nta au mishumaa ya kuyeyusha, sufuria, jiko, rangi na dawa zake, na chapa ya mbao au sponji iliyokatwa mfano wa ua. Mwanamke anaweza kuchapa uani kwake huku maharage yanachemka jiko la pili. Tahadhari tu kwamba kostiki soda inachoma ngozi na nta inashika moto haraka. Glovu zivaliwe, watoto wakae mbali, na sufuria ya rangi isirudi jikoni kupikia ugali.

Wachapaji wa kikundi chetu ndio waliotuingiza kwenye viraka. Kila batiki ina sehemu iliyokataa, nta ilipopasuka vibaya au rangi ilipoingia mara mbili. Ukiiuza nzima, mteja anaona kasoro na anashusha bei. Ukiikata ukaondoa palipoharibika, kilichobaki ni kizuri chote. Tukaongeza mabaki ya mafundi cherehani wa barazani, ambao zamani waliyafagia na taka, na sasa wengine wameanza kutuuzia kwa kilo. Ndivyo dunia ilivyo, taka ikipata mwenyewe inakuwa na bei.

WENZETU WA ALABAMA

Nilisema tutarudi kwa wachumaji wa pamba ya amerikani. Katika jimbo la Alabama kuna kijiji kinaitwa Gee's Bend, kimezungukwa na mto pande tatu. Wakazi wake wengi ni wajukuu na vitukuu wa watumwa wa shamba la pamba la hapo hapo. Nyumba zao zilipitisha upepo, kwa hiyo akina mama walishona mifarishi kutoka nguo za shamba zilizochakaa na magunia, wakaitandika vitandani na kuitundika ukutani kuzuia baridi. Walipoanza kudai haki ya kupiga kura, kivuko chao kilisimamishwa mwaka 1962. Kilirudi mwaka 2006. Sisi watu wa Kamanga na Kigongo tunajua maana ya kukosa kivuko siku moja, sembuse miaka 44.

Mwaka 1966 akina mama wa eneo hilo waliunda ushirika wa kushona. Mifarishi yao iliuzwa New York, wakapata oda za maduka makubwa, wakajenga nyumba yao ya kushonea. Mwaka 2002 kazi za Gee's Bend zilionyeshwa katika majumba makubwa ya sanaa ya Houston na New York, na mwaka 2006 posta ya Marekani ikatoa stempu zenye picha zake. Wataalamu waliwasifu kama wasanii wakubwa. Hata hivyo mwaka 2007 baadhi ya washonaji walikwenda mahakamani wakidai kwamba kazi na majina yao yametumika kuuza bidhaa bila wao kulipwa inavyostahili. Kesi zikamalizika kwa maelewano mwaka 2008.

Nimewaeleza haya ili tuone mambo mawili. Kwanza, mtu aliyechuma pamba kwa ajili ya wengine anaweza kukaa chini na kutengeneza kwa mabaki yake kitu ambacho dunia itakuja kukitazama. Pili, sifa haijazi sufuria. Asiyeshika hesabu na haki ya kazi yake atasifiwa, na fedha zitapita mlango wa pili.

HESABU YA KIRAKA

Tuje kwenye mambo ya mkononi, maana wapo wanachama wapya watakaosoma.

Chukua shuka la kitanda cha kawaida. Ukikata miraba ya sentimita 20 na ukaacha sentimita 1 ya mshono kila upande, kila kiraka kinabaki sentimita 18. Viraka 10 kwa upana na 12 kwa urefu ni viraka 120, na shuka linakuwa sentimita 180 kwa 216. Katika kukata huko, kama asilimia 19 ya kitambaa imekwenda kwenye mishono. Ukikata midogo zaidi, ya sentimita 12, mishono inakula karibu asilimia 31. Ukikata mikubwa, ya sentimita 30, inakula kama asilimia 13 tu. Yaani mtindo wa vipande vidogo unapendeza machoni lakini unakula kitambaa, uzi na siku zako. Bei yake lazima iwe juu, la sivyo unamlipa mteja ili akununulie.

Kila kitambaa kifuliwe kabla ya kukatwa, kwa sababu pamba hunywea. Batiki isuguliwe kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Ikiacha rangi, irudishwe majini mpaka iache kutoa, la sivyo itachafua jirani zake wote siku ya kwanza ya kufuliwa. Pamba ikae na pamba. Tetroni ukiichanganya, pasi ya moto itaikunja na shuka lote litavutwa upande.

Na kuna kitu kimoja ambacho wengi tunasahau kukiandika daftarini. Tunaandika uzi, tunaandika bitana, tunaandika nauli ya kwenda kununua. Siku zetu hatuziandiki. Mwanachama anakata na kushona siku nne, halafu akiulizwa gharama anasema, "Vitambaa vilikuwa mabaki tu." Jamani, vitambaa vilikuwa mabaki, je, siku nne nazo ni mabaki? Mkulima wa pamba alipunjwa na mizani ya mtu mwingine. Sisi hii mizani tumeishika wenyewe, na bado tunajipunja.

TUAMUE NINI

Sasa nirudi kwenye jambo la mkutano mkuu. Wanaotaka mgao wana sababu nzuri, wala tusiwabeze. Ada za shule haziahirishwi. Kuna nyumba inataka bati, kuna mgonjwa, kuna mwenzetu ambaye miaka kumi amejinyima kila wiki na anastahili kuiona fedha yake kwa macho. Akiba isiyomfaa mwenye nayo ni ya nini?

Lakini tuwaangalie wote tuliowataja. Akina mama wa leso walikuwa na akili na mikono, hawakuwa na mfuko wa pamoja, na ubunifu wao ukawa mali ya maduka. Wakulima wa pamba waliunganisha fedha zao wakapata mizani, wakapata na vinu. Mambo yaliyumba maamuzi yalipotoka mikononi mwa wanachama. Wenzetu wa Alabama walipounganisha sindano zao walijenga nyumba, na haki zao zilipokuwa hazijaandikwa vizuri wakaishia mahakamani. Wasukuma nao tangu zamani walilima kwa pamoja, jembe linapanda na kushuka kwa mdundo wa bugobogobo, na shamba lililomshinda mtu mmoja wiki nzima likaisha kabla ya jua kali. Hakuna aliyesema kulima pamoja kunamnyima mtu shamba lake.

Pendekezo langu kwa wanachama ni hili. Tugawane sehemu kubwa, kila mtu apate chake kwa furaha, na sehemu ndogo tutakayokubaliana ibaki mfuko wa vitambaa. Mfuko huo usikopeshwe kwa mtu yeyote, hata kwa kiongozi. Ununue amerikani ya kuchapia na bitana kwa gora, kwa bei ya jumla, badala ya kila mmoja kukimbilia mita mbili mbili za rejareja. Kila shuka linalotoka lishonwe alama yetu pembeni pamoja na jina la aliyelishona. Na siku za kazi ziandikwe daftarini, kwenye mstari wao, kama uzi unavyoandikwa.

Wanachama wakiona vingine, tutafuata uamuzi wa wengi, na sindano zitaendelea. Ila tusigawane kwa sababu tu tumechoka kungoja. Waliotutangulia wamekwisha kutuonyesha gharama ya mikono mingi yenye ustadi na mfuko mtupu.

Kwa wageni wetu mliokuja kusherehekea nasi, mkipita kwenye meza ya maonyesho shikeni, geuzeni upande wa chini, kagueni mishono. Na mtoto wako akikuuliza kama haya ni mambo ya Wazungu, mweleze habari za magome ya Bukoba na akina mama wa leso. Kisha umnunulie moja.

Heri ya miaka kumi, akina mama. Mungu atuzidishie umoja, afya ya macho na wepesi wa vidole.